Ugoro Ulioamshwa

1

Siku ya mate watu wa Kwemhafa walikuja wamependeza. Wanawake walijifunga kanga zilizokuwa bado na harufu ya duka, wanaume walitoa makoti ya harusini, na kila mmoja alikuwa amesugua kinywa tangu alfajiri kwa mswaki wa mti na unga wa mkaa, akasukutua kwa maji ya chumvi, kisha akasukutua tena kwa usalama. Huko milimani, mtu anayekwenda kwa daktari huku mdomo unanuka huambiwa hakufunzwa kwao. Walipanga foleni katika ukumbi wa ushirika, wakatema mate meupe ndani ya vikombe vidogo, na mashine ikayasoma kutafuta sumu ya ugoro.

Mashine ile ilikuwa na jina la kiwandani lenye herufi tisa na tarakimu nne. Watu wakaona hayo ni mateso, wakaiita Mama Mate, na yenyewe ilishazoea kuitika.

"Sifuri," ilisema kwa sauti yake ya kistaarabu. "Hongera, Mzee Shemdoe. Anayefuata."

"Hata mke wangu hajawahi kunisifu hivyo," alisema Mzee Shemdoe, na foleni nzima ikacheka.

Dokta Mwajabu Shehoza alikaa kando ya mashine akiweka kidole gumba kwenye kioo kila jibu lilipotoka, maana bila kidole chake hakuna jibu lililohesabiwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye tabia ya kumeza tabasamu kabla halijafika midomoni. Mwaka wa saba sasa, kila mwaka mara mbili, watu mia mbili na kumi na wawili waliosajiliwa, sifuri juu ya sifuri. Alijisikia fahari, na kwa nini asijisikie? Kazi ilikuwa yake.

Jani la tumbaku lina ubaya wa aina yake. Likikaushwa na kuvundikwa, ile nikotini yake inaungana na chumvi iitwayo nitriti, na muungano huo unazaa ukoo wa sumu uitwao nitrosamini. Wavuta sigara walau waliona moshi wakashituka. Wenye ugoro hawakuona moshi, wakajiona salama, wakaubana kwenye mdomo wa chini miaka thelathini, mpaka siku nyama ya mdomo inasahau kazi yake na kuanza kuota ovyo. Kulikuwa na madini ya kadimiamu pia, kutoka udongoni, lakini hiyo Mwajabu aliimaliza kwa kuchagua mashamba. Nitrosamini ndizo zilizomtoa jasho. Akamtengeneza Msafi, kidudu kisichoonekana kwa macho, akamshona jeni kwa jeni kama mtu anayeshona kofia ya vito, na kazi ya Msafi ilikuwa moja tu, kula nitrosamini ndani ya jani. Gunia la ugoro, kijiko cha Msafi, wiki mbili, basi. Ugoro ulitoka na ukali wake na harufu yake, lakini bila ile sumu. Watu walibaki watumwa wa nikotini, hilo hakulikana. Walibaki watumwa walio hai.

Ugoro huo ulitiwa kwenye kopo la kijani, ukapigwa muhuri wa usalama, na watu elfu sitini wa mlimani wakautumia. Mtu mmoja tu katika orodha ya Kwemhafa hakuwahi kuja siku ya mate. Huyo alikuwa Bi Mboni, shangazi yake Mwajabu, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne.

"Mate yangu ni yangu," alikuwa akisema kila mwaka, na hakuna aliyebishana naye mara mbili.

Mwaka huu kukataa hakukuwezekana. Bi Mboni alikuwa na doa jeupe ndani ya mdomo wa chini. Hospitali ya mjini ilikuwa imechukua chembe zake, ikazipanda kwenye chupa, na sasa mdomo mpya wa Bi Mboni ulikuwa unaota huko pwani taratibu, ukisubiri mwenyewe. Madaktari walisema doa ni la ugoro wa zamani, wa kabla ya kopo la kijani. Tarehe ya kukatwa wa zamani na kushonewa mpya ilishapangwa, siku ya ishirini na saba kutoka siku ile. Bima ya Mlima ilitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo, nacho ni kikombe cha mate ya Bi Mboni.

2

Mwajabu alipanda kwa shangazi yake alasiri ile ile, ukungu ukiwa umekaa juu ya migomba. Alimkuta barazani, mbele yake makopo manne ya kijani yamefunguliwa, si yake hata moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, usinizibie mwanga."

Bi Mboni alikuwa akiamsha ugoro. Aliweka kipande cha magadi juu ya bati la moto mpaka kikapasuka, akakisaga, akakiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, kisha akanyunyizia ugoro wa kopo la kwanza huku akiupikicha kwa dole gumba. Akaongeza samli kiasi cha punje ya harage. Akaunusa, akakunja uso, akaongeza magadi kidogo. Mwisho akaushindilia ndani ya pembe ya mbuzi na kuifunga kwa ngozi. Mwenye pembe angekwenda nayo nyumbani, akaibana kiunoni chini ya kanga siku tatu, ipate joto la mwili. Hapo ndipo ugoro uliamka. Kwemhafa nzima ilijua kwamba ugoro wa kopo umelala, na hakuna mkono unaojua kuuamsha kama mkono wa Bi Mboni. Mwajabu mwenyewe, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akishika lile bati.

"Haya ya nani?"

"Hili la Mama Kihiyo hapo jirani. Haya ya kina Shemdoe. Hili la mwalimu. Wanasema dawa zako zimeupooza, nami nawaambia mtoto wangu kajitahidi, msimseme." Bi Mboni alicheka, na lile doa jeupe likaonekana. "Umeleta kikombe chako?"

"Nimekileta. Lakini Shangazi, si usukutue kwanza? Una ugoro mdomoni."

"Umetaka mate au umetaka maji?"

Mwajabu akamnyooshea kikombe. Bi Mboni akatema, mate ya rangi ya chai ya rangi, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga na kumrudishia kikombe.

"Haya. Kawape bima wanywe."

3

"Arobaini na moja," ilisema Mama Mate.

Mwajabu aliizima mashine, akaisafisha, akaiwasha tena.

"Arobaini na moja," ilisema, bila kuudhika.

Ule ugoro mchafu wa zamani, uliojaza wodi ya vinywa enzi za baba yake, haukuwahi kuvuka tisa.

Alijifungia maabara siku sita. Alijaribu kopo jipya likiwa kavu, akapata sifuri. Alilitia maji peke yake, sifuri. Alilitia magadi, akaliacha kwenye baridi, akapata mbili. Siku ya tatu alifanya alichopaswa kukifanya miaka saba nyuma. Alikaanga magadi juu ya bati, akapikicha kwa dole gumba, akatia samli, akashindilia kwenye pembe na kuifunga kiunoni mwake mwenyewe chini ya koti jeupe. Siku ya sita akaifungua. Harufu ilikuwa ya utotoni, ya mgongo wa shangazi yake alipokuwa akibebwa, na machozi yakamlenga kabla hajapima. Kisha akapima. Arobaini na nne.

Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya aibu. Msafi aliumbwa aishi kwenye jani kavu lenye uchachu kidogo. Humo alikuwa mlaji mwema wa sumu. Ukimtia magadi, uchachu unakufa. Ukimpa joto la kiuno, anachangamka na kuanza kupumua kwa namna nyingine, anachukua nitrati iliyomo kwenye jani na kuigeuza nitriti, nyingi, haraka kuliko bakteria yeyote wa porini. Nitriti na nikotini zilijuana tangu zamani. Na si hivyo tu, Msafi akishaamshwa anahamia kwenye fizi na kupiga kambi, tayari kwa ugoro unaofuata. Dawa yake ni njaa tu. Mtu akiacha ugoro kabisa siku ishirini na moja, Msafi anakufa.

Na zile sifuri zote? Watu waliosugua vinywa kwa mkaa na chumvi, wakaacha pembe nyumbani kwa adabu, wakaja kumpa daktari mate yaliyooshwa. Walikuwa wanamheshimu. Heshima yao ndiyo iliyoharibu takwimu za miaka saba.

Lakini hakuwa na haki ya kuwacheka. Katika fomu ya kwanza ya majaribio palikuwa na swali: bidhaa hutumiwaje? Siku ile alikaa mbele ya maprofesa watano, mmoja wao akiwa amemuuliza tayari kama kweli kwao watu bado wanaweka vumbi la majani mdomoni. Aliona haya. Hakutaka kusema habari za magadi na samli na pembe za mbuzi. Akaandika: hutumiwa kama ilivyofungwa. Aliandika kwa mkono wake, na alijua anachokiandika.

4

Mkurugenzi wa ushirika, Bwana Singano, alisoma karatasi zote bila kupepesa. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyemzika mama yake kwa saratani ya kinywa, na hilo ndilo lililomfanya amwamini Mwajabu wakati wengine walipomwona mwendawazimu.

"Tutatangaza," alisema. "Tutasimamisha makopo leo leo. Nipe sampuli ya mtumiaji."

"Ninayo ya kiunoni kwangu."

"Wewe si mtumiaji aliyesajiliwa, Dokta. Ni mvumbuzi. Hiyo ni maabara imevaa koti. Bima haitaipokea." Alivuta kitabu cha kanuni kwenye kioo cha meza. "Nisomee wewe, macho yangu yamechoka."

Mwajabu alisoma. Mtumiaji aliyebadili bidhaa yenye muhuri, mate yake yakapimwa kabla kasoro haijasajiliwa, ni mchezeaji, na anafutiwa haki ya matibabu ya kinywa. Mtumiaji aliyebadili bidhaa hiyo kwa namna ile ile, mate yake yakapimwa baada ya kasoro kusajiliwa, ni mwathirika, na anatibiwa kwa ukamilifu. Kasoro husajiliwa kwa kikombe cha mtumiaji mmoja, kwa jina lake kamili.

"Kwa hiyo wa kwanza anaangamia," alisema Mwajabu, "na wa pili anapona."

"Waliitunga kuzuia wajanja wanaoharibu vitu ili walipwe. Hawakufikiria hili."

"Kikombe nilicho nacho ni kimoja tu. Wengine wote wamesugua."

"Cha nani?"

Hakujibu. Bwana Singano alimtazama, akaelewa, akafunga kitabu.

"Kitanda chake ni lini?"

"Siku ishirini kutoka leo."

Ni Mwajabu aliyelisema kwanza, na baadaye hakuwahi kusingizia kwamba alilazimishwa.

"Naomba siku ishirini. Bima ilidai kikombe tu, nacho kimetolewa. Akishashonewa mdomo mpya, kikombe chake nitakisajili mwenyewe."

"Watu elfu sitini, Dokta. Siku ishirini, kila mmoja mara sita au saba kwa siku."

"Si wote wanaoamsha."

"Unajua ni wangapi?"

"Sijui."

Bwana Singano alisimama, akaenda dirishani akatazama ghala lililojaa makopo. Angeweza kukataa. Aliyekaa mbele yake ni mwanamke aliyeokoa midomo mingi, au ndivyo wote walivyoamini hadi saa ile, na aliyekuwa akimwombea mama aliyemlea. Bwana Singano alisema hakusikia chochote, yeye leo hakuwepo ofisini. Ndivyo watu wawili wema walivyokubaliana jambo baya, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi.

5

Angalau amzuie shangazi yake asiendelee. Hilo Mwajabu aliliona dogo. Alipanda tena barazani akamwambia aache ugoro, wa kwake na wa watu, kwa ajili ya kujiandaa na operesheni.

"Madaktari wa mjini hawakuniambia hivyo."

"Mimi nakwambia."

"Wewe ukidanganya huwa unashika sikio," alisema Bi Mboni. "Tangu una miaka sita, ulipovunja mtungi wangu. Liachie sikio, useme."

Basi Mwajabu akasema yote, kuanzia arobaini na moja mpaka kitabu cha kanuni. Fomu ya maprofesa pia aliisema. Bi Mboni alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani, viganja juu. Viganja vilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni, rangi ya miaka hamsini ya kupikicha ugoro.

"Kwa hiyo mimi nimewalisha watu sumu kwa mkono huu."

"Sumu ni yangu, Shangazi. Wewe hukujua."

"Sijauliza ya nani. Mama Kihiyo, Shemdoe, mwalimu, mkwe wa mwalimu, wale wa bondeni wanaoleta kila Jumanne. Wote wamekula kwa mkono wangu. Na huyo wa pili, umesema anatibiwa?"

"Anatibiwa."

"Hata kama naye aliuamsha?"

"Hata akiuamsha. Ila si sasa, Shangazi. Siku ishirini tu. Mdomo wako umeshaota, wamenionyesha picha. Una hata ule mkunjo wako wa pembeni."

"Ehee. Mkunjo wa ukali," alisema Bi Mboni. Kisha akaitaja mvua, akaulizia bei ya mbegu za viazi, na habari za ugoro zikaishia hapo.

Aliacha kweli. Siku za mwanzo alikuwa mkali hata kwa kuku. Waliokuja na makopo aliwaambia mkono unauma, nao wakamwonea huruma na kupeleka makopo yao kwa mikono mingine, na pembe ziliendelea kufungwa viunoni. Siku ya kumi Mama Kihiyo alivuka ua kuja kumjulia hali ya mkono. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, aliyemfanya Bi Mboni dada yake mkubwa bila kumuuliza.

"Dada Mboni, hebu niangalie hapa," alisema, akauvuta mdomo wake wa chini kwa vidole viwili. "Kuna kitu kinaniwasha."

Bi Mboni alimgeuza kwenye mwanga. Lilikuwa doa jeupe, saizi ya punje ya mchele. Mama Kihiyo hakuwahi kutumia ugoro wa zamani. Alianza mwaka ule kopo la kijani lilipotoka, kwa sababu lilikuwa salama, na kwa sababu Bi Mboni mwenyewe ndiye aliyemkaribisha.

"Si kitu," alisema Bi Mboni. "Kasukutue kwa chumvi." Alipobaki peke yake alishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

6

Siku ya muhuri iliangukia siku nane kabla ya kitanda cha Bi Mboni. Ilikuwa siku ya furaha, ushirika ulichinja, ngoma ilipigwa, na mkurugenzi alisoma majibu ya mate mbele ya wote kabla muhuri haujapigwa kwa nusu mwaka mwingine. Mama Mate aliletwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, maana kanuni ilidai mashine iwepo na iwe wazi kwa yeyote.

Bwana Singano alisimama na karatasi yake. Mwajabu alikaa kiti cha pembeni akitazama viatu vyake. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile.

"Ndugu wanachama, majibu ya mwaka huu..."

"Bado mtu mmoja," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Bi Mboni aliingia na kanga yake ya kushindia. Hakuwa amependeza hata kidogo. Watu walimpisha, wengine wakiguna, maana alinuka ugoro hatua tatu, na mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba kwa kipande kilichobanwa humo.

"Lo! Bi Mboni, hata kusukutua?" alisema Mzee Shemdoe.

"Nimekuja kupimwa, sikuja kuposwa."

Walicheka. Mwajabu hakucheka. Aliinuka haraka akamfuata katikati ya ukumbi, akamshika kiwiko.

"Shangazi, rudi nyumbani. Nakuomba. Siku nane tu."

"Nilikaa siku kumi bila kuutia mdomoni," alisema Bi Mboni kwa sauti ya chini, ya nyumbani. "Juzi nimeubana tena. Mashine yako haisomi nia, inasoma mate."

"Watakufuta."

"Mama Kihiyo ana doa."

Mwajabu aliuachia mkono wa shangazi yake bila kujua kwamba ameuachia.

Bi Mboni alifika mezani, akachukua kikombe mwenyewe, akatema. Akakiweka kwenye mdomo wa mashine na kusimama wima.

"Jina kamili la mwenye mate?" iliuliza Mama Mate.

"Mboni binti Shehoza."

"Thelathini na nane," ilisema Mama Mate, na watu wakatazamana. Hawakuwahi kuisikia ikitaja namba yoyote zaidi ya sifuri. "Kiwango cha kasoro. Bidhaa imebadilishwa. Mpimaji athibitishe, ama atangaze sampuli imeharibika."

Kioo kiliwaka taa mbili, ya kijani na ya njano. Mwajabu alisimama mbele yake. Njano ilikuwa rahisi. Angesema mate yalichanganyika na ugoro, na kwa mujibu wa kitabu angekuwa hata hajadanganya sana. Siku nane. Alimtazama Bwana Singano, naye akawa anaitazama karatasi yake iliyojaa sifuri. Alimtazama Mama Kihiyo katika safu ya tatu, amependeza, ameng'arisha meno kwa mkaa, akitabasamu bila kuelewa.

Alimpenda shangazi yake kuliko hao wote. Hilo lilikuwa kweli, na halikubadilika dakika ile wala baadaye.

"Weka kidole, mwanangu," alisema Bi Mboni. "Bati umenishikia mwenyewe ukiwa mtoto. Na hili nishikie."

Mwajabu aliweka kidole kwenye kijani.

"Kasoro imesajiliwa," ilisema Mama Mate. "Mboni binti Shehoza, mchezeaji. Haki ya matibabu imefutwa. Anayefuata."

Hakuna aliyesogea. Bi Mboni akawageukia watu wake, mikono kiunoni.

"Mnanitazama nini? Nani hapa haamshi ugoro wake? Shemdoe, pembe yako iko wapi, au unataka niseme inakokaa? Sikilizeni. Ugoro huu ukilala ni salama, tukiuamsha unaua. Tumemficha daktari vinywa vyetu miaka saba kwa kujifanya wasafi. Leo atakayetema mate yake ya kweli atatibiwa, ameniapia huyu mtoto. Kisha mnaacha, siku ishirini na moja bila hata chembe, na mtatukanana majumbani mwenu, najua mimi. Mama Kihiyo, njoo wewe kwanza."

"Nimesugua, dada."

"Kalete pembe yako, uubane hapa hapa. Tunakusubiri."

Mama Kihiyo alitoka mbio, na baada yake wakatoka wengine, makoti ya harusini yakipepea mteremkoni, kila mtu akiifuata pembe yake nyumbani. Hadi jua linapinda Mama Mate alikuwa amesoma vikombe mia moja tisini na sita. Sifuri zilikuwa nne.

7

Makopo yalisimamishwa jioni ile ile. Bwana Singano alijiuzulu kwa barua ya mistari miwili, na Mwajabu aliandika yake ndefu, yenye fomu ya maprofesa na yenye zile siku ishirini alizoziomba. Mama Kihiyo, mwathirika namba moja, alikatwa doa lake likiwa bado dogo, akarudi na mshono wa nyuzi tatu.

Barua ya hospitali ya mjini ilifika kwa Bi Mboni wiki ya pili. Mwajabu alimsomea barazani. Kitanda kilikuwa kimefutwa. Tishu iliyooteshwa kwa jina lake ingeteketezwa kwa utaratibu wa kawaida.

"Tishu ndiyo nini?"

"Mdomo wako, Shangazi. Ule mpya."

"Hawawezi kumpa mwingine?"

"Haumkubali mtu mwingine."

Bi Mboni alifikiri. Uso wake upande wa chini ulikuwa umeanza kuvutika, na maneno yenye herufi za midomo yalimtoka kwa kazi.

"Nyama ya mtu haichomwi na takataka," alisema. "Waambie waniletee nikauzike."

Aliyeuleta ni Bwana Singano, katika kisanduku cha baridi cha kubebea chanjo, akiwa amekipakata safari nzima kutoka pwani. Hakutaka hata chai. Mama Kihiyo alichimba shimo chini ya mgomba kilipozikwa kitovu cha Bi Mboni miaka sabini na moja iliyopita, akachimba refu kuliko ilivyohitajika, akilia na kujifuta kwa mkono wenye udongo. Mwajabu alifungua chupa. Ulikuwa mdogo, wa rangi ya Bi Mboni mwenyewe, mzima kabisa, na pembeni ulikuwa na ule mkunjo.

Bi Mboni aliupokea kwa kipande cha sanda. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayetazama picha yake ya usichanani, kisha akasema bismillahi na kuulaza chini.

"Tangulia," aliuambia. "Nasi tunakuja."

Mwajabu alipiga magoti akaanza kufukia kwa mikono, na hakuweza kumaliza. Mama Kihiyo alimwondoa taratibu akamalizia yeye.

"Ni siku ya ngapi leo?" aliuliza Bi Mboni.

"Ya ishirini na moja, Shangazi. Msafi kafa."

"Basi nitoe hii," alisema, akafungua kiuno cha kanga na kumpa ile pembe ya mbuzi, tupu, ikiwa bado na joto la mwili wake.